Mlango wa kuzama ukutani: uuchague kuanzia ndani ya ukuta

Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 80 hufagia karibu nusu mita ya mraba kila unapofunguliwa. Mahali hapo huwezi kuweka kabati wala kapu la nguo chafu, na ndoo ukiisahau hapo mlango utaigonga. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 kule Mamboleo, Kisumu, au Kiamunyi, Nakuru, ambako chumba kikuu cha kulala kimebanwa ili sebule ipate nafasi, nusu mita hiyo ndiyo inayoamua kama utaingia bafuni ukitembea kawaida au kiubavu. Mlango unaoteleza na kuzama ndani ya ukuta unakurudishia nafasi hiyo yote.

Lakini una sharti moja gumu. Karibu kila kitu kinachoufanya uteleze vizuri kimefichwa, na kikiharibika hufikiwa kwa nyundo. Ubao wa mlango ukikuchosha unaubadilisha Jumamosi moja. Reli iliyozikwa nyuma ya plasta mara nyingi haibadilishwi bila kubomoa. Kwa hiyo nashauri ugawe bajeti kinyume na wengi: pesa nzuri iende kwenye fremu, reli na magurudumu, kisha mlango wenyewe upate kinachobaki. Mpangilio wa mwongozo huu ni huo huo.

Amua ni mlango upi unaostahili

Si kila mlango wa nyumba unafaa. Unaofaa zaidi ni ule unaoshinda wazi mchana kutwa na kufungwa mara chache: wa stoo ya jikoni, wa chumba cha nguo, wa kati ya jikoni na meza ya kulia, wa ofisi ndogo ya nyumbani. Wa bafu lililo ndani ya chumba cha kulala unafaa pia, kwa sababu wanaoutumia ni wenye chumba. Kama unaishi na mzazi anayetumia kiti cha magurudumu au mkongojo, hapo ndipo mlango huu unashinda mingine yote: hakuna reli sakafuni ya kumkwaza, na hahitaji kurudi nyuma ili mlango upite.

Mahali pa kuukataa ni choo cha wageni kinachotazamana na sebule. Mlango unaoteleza hauwezi kubana fremu pande zote kama wa bawaba. Lazima pabaki mwanya ili upite. Mwanya huo hupitisha sauti na harufu. Siku mkwe amekuja kutembea na kiti chake kiko hatua tatu kutoka hapo, utajua nilimaanisha nini. Kwa sababu hiyo hiyo usiuweke jikoni panapowashwa jiko la makaa kila siku, kwani moshi utapita tu. Na usiuweke kwenye mlango wa kutoka nje, kwa maana ya usalama.

Ukiona mahali unapopataka hapafai, kuna njia ya kati: mlango unaoteleza juu ya uso wa ukuta, reli ikiwa imeonekana. Hauhitaji kubomoa chochote, unafungwa kwa siku moja, na ukiharibika fundi anaufikia akiwa amesimama. Unachopoteza ni ukuta wa pembeni, ambao hutaweza kuegesha kitu chochote. Katika nyumba ya kupanga usifikirie mwingine.

Ukague ukuta

Mlango wa kuzama unahitaji ukuta mtupu upande mmoja wa uwazi, wenye urefu unaozidi upana wa mlango kidogo. Mtupu maana yake ni mtupu kabisa: hakuna bomba la maji, hakuna mfereji wa nyaya za umeme, hakuna nguzo ya zege.

Kinachosahaulika zaidi ni swichi ya taa. Kwa mazoea yetu swichi hukaa kando ya mlango, upande wa kitasa, kwenye urefu wa kiwiko. Mara nyingi hapo ndipo mfuko wa mlango, yaani uwazi wa ndani ya ukuta mlango unamozama, unapotaka kupita. Kisanduku cha swichi kinachochimbiwa kwenye jiwe kina kina cha sentimita 3 na ushee, na upande wa mfuko, hasa kwenye ukuta mwembamba, haukiachii nafasi ya kutosha. Basi swichi ihamie upande wa pili wa uwazi, au ukuta mwingine kabisa, na fundi wa umeme aambiwe kabla hajaanza kuchimba njia zake. Ukichelewa kumwambia, utamlipa mara mbili.

Swali la pili: ukuta huo umebeba nini? Nyumba nyingi zisizo na ghorofa huku kwetu zina mshipi wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Hata hivyo, usidhani kwamba ukuta wa ndani ulio chini ya mshipi haubebi kitu. Uwazi wa mlango wa kawaida ni sentimita 90. Wa mlango wa kuzama unakaribia mara mbili ya hapo, na chuma kilichomo ndani ya mshipi kilipangwa kwa uwazi mdogo. Mhandisi autazame. Kwenye maisoneti, ambako ukuta wa chini unaweza kuwa umebeba sakafu ya juu, usiguse hata jiwe moja bila yeye. Kama nyumba haijajengwa, mchoro unaopelekwa kaunti kuidhinishwa uonyeshe uwazi wote, ili linta, yaani boriti ya zege ya juu ya uwazi, imwagwe kwa urefu kamili na kulala vizuri juu ya mawe pande zote mbili.

Halafu kuna ardhi. Sehemu za Kisumu, hasa kuelekea uwanda wa Kano, zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka. Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, na yako maeneo ambako ardhi hupasuka baada ya mvua kubwa. Mlango wa bawaba nyumba ikicheza kidogo unapigwa randa na maisha yanaendelea. Wa kuzama huanza kukwaruza ndani, mahali usipopaona. Ukiona nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye kona za milango iliyopo, shughulikia msingi kwanza na uahirishe mlango huu. Kwa nyumba mpya, ni busara kusubiri msimu mmoja wa mvua upite kabla ya kufunga reli.

Piga hesabu

Anza na nafasi unayotaka kupita, si na mlango. Tuseme unataka milimita 800 wazi. Mlango uwe mpana kidogo, kama 820, ili ukifungwa uingie ndani ya fremu pande zote na mwanga usipenye. Zidisha mara mbili: 1,640. Ongeza milimita 50 hadi 100 za miimo na nafasi ya kurekebisha. Mwashi aache uwazi wa mita 1.75 basi, wala si mita moja kama anavyodhani akisikia neno mlango.

Kwa kimo, hesabu kutoka sakafu iliyokamilika, vigae vikiwa vimewekwa. Mlango wa mita 2, pengo la milimita 8 chini, na kati ya milimita 80 na 100 za reli na magurudumu juu: unafika mita 2.1. Mwashi akipima kutoka kwenye zege tupu, mchanga na simiti ya kusawazisha na vigae vitakula sentimita 5 au zaidi, na mlango hautaingia. Kwenye zege tupu mwambie mita 2.15 au 2.16.

Unene ndio watu hudhani ni tatizo, kumbe kuta zetu zinatusaidia. Ukuta wa tofali au jiwe la inchi 6 una milimita 150; weka plasta ya 15 kila upande, unafika 180. Mlango wa unene wa 40 unahitaji nafasi ya 60 ndani ya mfuko, ili kila upande uwe na kama 10. Zinabaki 120, yaani 60 kila upande: fremu ya 45, bodi ya 12, na koti la skimu, yaani plasta nyembamba ya kumalizia. Fremu nene kiasi hicho haitikisiki. Ukuta wa inchi 4 ni hadithi nyingine. Pamoja na plasta una 130. Ukitoa 60 za mfuko zinabaki 35 kila upande. Hapo mbao haikai, ni chuma chembamba cha milimita 20 na bodi yake, basi.

Fremu: mbao au chuma

Kuna fremu zilizokwisha tengenezwa kiwandani, zinazokuja na reli yake kwenye boksi moja. Ukiipata kwenye hadiwea kubwa na bei unaimudu, nunua, kwani vipimo vyake vimenyooka. Wengi wetu tutatengenezewa na fundi, na swali litakuwa seremala au welda.

Magharibi mwa Kenya napendelea welda. Ndani ya mfuko ni giza, hakufagiliwi, na hakuna anayechungulia. Mchwa hawahitaji mwaliko mzuri kuliko huo. Mbao ya saiprasi au painai iliyosimama juu ya zege bila dawa inaweza kuliwa kutoka chini kwenda juu huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Halafu kuna unyevu. Mbao nyingi za kando ya barabara huuzwa zikiwa bado mbichi. Zikikauka ndani ya ukuta zinajikunja, na fremu iliyojikunja inaubana mlango.

Bomba la mraba halijikunji wala haliliwi. Welda wa jua kali anayetengeneza madirisha na mageti anaweza kuunda fremu ya mfuko kwa mchana mmoja, mradi umpe mchoro wenye vipimo. Mwambie mambo matatu: apime kona kwa mraba kabla ya kuunganisha pointi zote, asage vichomeo vyote upande wa ndani, na apake rangi ya kuzuia kutu kila mahali, hata sehemu zitakazofichwa. Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, kichomeo kisichopakwa rangi huanza kutu haraka. Ukishikilia mbao, basi iwe iliyokaushwa vizuri na kutiwa dawa, na chini ya kila mguu weka kipande cha plastiki nene ili mbao isigusane na zege.

Reli na magurudumu

Hapa usibane. Jua uzito wa mlango kwanza. Ubao wa mvule mzima wa vipimo tulivyotaja una kama kilo 40. Mlango mwepesi wa plaiwudi, wenye uwazi ndani, hauzidi nusu ya hapo. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo kioo cha milimita 10 kitakuwa na kilo 40 pia. Magurudumu huandikwa uzito yanaobeba. Nunua yanayozidi kwa mbali. Kwa mlango wa kilo 40 nitachukua ya kilo 80, kwa sababu watoto huninginia, na watu wazima husukuma kwa hasira.

Dukani, omba kipande cha reli na gurudumu, uvishe, uteleze kwa kidole. Gurudumu zuri lina beringi na halitoi sauti ya kukwaruza. La plastiki tupu linalozunguka juu ya msumari litakula njia yake baada ya muda. Reli ya alumini nene iliyonyooka ni bora kuliko bati lililokunjwa. Chungulia urefu wake kwa jicho moja, kama anavyochungulia seremala ubao. Ikiwa na mpindo wa aina yoyote, rudisha.

Kisha muulize muuzaji swali ambalo litakuokoa miaka kumi baadaye: reli hii inatokaje? Reli njema huingizwa na kutolewa kupitia uwazi wa mlango, bila kugusa ukuta. Ukiambiwa inapigwa skrubu kutoka juu na kufunikwa, tafuta nyingine. Vivyo hivyo, mwimo wa upande mmoja wa mdomo wa mfuko ufungwe kwa skrubu, si kwa misumari na gundi, ili siku moja mlango uweze kutolewa nje.

Vizuizi vya mwisho wa reli ni lazima. Kile kifaa kinachoupunguzia mlango mwendo ukikaribia kufunga ni cha hiari, ila kwenye nyumba yenye watoto wadogo mimi naona kinalipa, maana vidole vyao huwa mahali pabaya wakati wote.

Mlango wenyewe

Ukibakiwa na pesa kidogo, mlango mwepesi wa plaiwudi uliopakwa rangi utafanya kazi vizuri, na pengine utadumu kuliko wa mbao ngumu kwa sababu haupindi sana. Mafundi wa Kibuye kule Kisumu hutengeneza fanicha za kila aina na watakutengenezea wa vipimo vyako, lakini wape sharti la mbao kavu. Upande wa Kakamega, ambako mvua ni nyingi, sharti hilo ni kubwa zaidi.

Mlango wa kuzama uwe bapa. Paneli zilizotokeza, maua ya kuchonga na fito za urembo zote zitakwaruza mdomo wa mfuko. Vanishi au rangi ipakwe pande zote mbili sawasawa, pamoja na ukingo wa juu na wa chini. Mafundi huruka ukingo wa juu kwa kuwa hauonekani. Unyevu unaingilia hapo hapo, upande mmoja unavimba, mlango unapinda. Weka rula ndefu au uzi ulionyooshwa kutoka kona hadi kona kabla ya kuupokea. Mlango wa bawaba ukipinda milimita 5 hakuna anayejua. Huu, wenye nafasi ya milimita 10 tu kila upande, utajulisha kila mtu.

Kama ni bafu, bodi za ukuta wa mfuko upande wa maji ziwe za simiti au jipsamu inayostahimili unyevu. Vigae vinaweza kuwekwa juu yake, lakini visiwe vizito.

Vishikio na kitasa

Kishikio kinachotokeza kitauzuia mlango kuingia mfukoni, kwa hiyo vyote vizame ndani ya ubao. Unahitaji pia kishikio kidogo cha ukingoni cha kuuvutia nje ukishazama wote. Ukikikosa, zuia mlango usimame ukiwa umebaki sentimita 6 nje, lakini kumbuka kuziondoa kwenye hesabu ya nafasi ya kupita. Kitasa kiwe cha ulimi wa ndoano, kwani ulimi wa kawaida hauwezi kuushika mlango unaoteleza. Cha bafuni kiwe na mpasuo upande wa nje unaofunguliwa kwa sarafu, mtoto akijifungia.

Utaratibu wa kazi

Fremu isimamishwe kwanza, timazi kwenye miimo na pimamaji kwenye kichwa. Reli ifuate. Kabla bodi yoyote haijafungwa, mlango utundikwe na kujaribiwa, hata kama bado haujapakwa rangi. Usukume hadi katikati na uuache. Ukitembea wenyewe, hata pole pole, reli haiko sawa, rekebisha sasa. Ufungue na kuufunga mara nyingi, umwite na mtoto ajaribu. Fundi akisema "itakaa sawa plasta ikikauka", haitakaa.

Ukiridhika, utoe mlango, safisha mfuko, piga picha za kila fito ya fremu ukiwa umeshika futi kamba mbele yake. Picha hizo zitakuonyesha baadaye mahali pa kupiga skrubu na mahali pa kutopiga. Ndipo bodi zifungwe, kwa skrubu fupi: ya kupenya bodi ya milimita 12 na kuingia kwenye fremu ya 45 haipaswi kuzidi milimita 35 au 40. Kwenye fremu ya 20 nunua za milimita 25. Skrubu iliyotokeza ndani itachora mstari mrefu kwenye mlango wako mpya, na hutaiona hadi umechelewa.

Kama fundi anataka kupiga plasta ya simiti juu ya wavu badala ya bodi, aweke kwanza vipande vya mbao ndani ya mfuko vya kushikilia kuta zisibonyee kwa uzito, na avitoe ikishakauka. Mahali fremu inapokutana na mawe pawekwe utepe wa wavu chini ya skimu, la sivyo ufa utajitokeza hapo hapo, mrefu kama ukuta. Vigae vya sakafu vipite chini ya mlango bila kukatwa. Kiongozi cha chini, kile kipande kidogo kinachouzuia mlango kuyumba, kifungwe kwenye mwimo wa mdomo wa mfuko badala ya kutoboa kigae.

Skatingi ya ukuta huo ibandikwe kwa gundi. Waambie wote watakaoingia nyumbani na drili, kuanzia fundi wa runinga hadi wa mapazia: hapa hapatobolewi. Kabati za jikoni na kitundikio cha taulo vihamie ukuta mwingine.

Baada ya hapo

Kazi ya matunzo ni ndogo. Vumbi la Nakuru msimu wa kiangazi hupenya hadi kwenye reli. Mara mbili kwa mwaka pitisha brashi au mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Usitie grisi wala mafuta ya kupikia, maana vumbi hushikana nayo na kuwa tope. Silikoni ya kupuliza, kidogo tu, inatosha. Skrubu za magurudumu hulegea kidogo baada ya miezi ya kwanza, na mlango huanza kugusa kigae upande mmoja. Spana ndogo inayokuja na boksi ndiyo ya kuuinua, kwa hiyo usiitupe. Na siku unaponunua reli, nunua seti ya pili ya magurudumu ya aina ile ile uiweke kwenye droo, kwani duka la Kisumu lililokuuzia mwaka huu linaweza kuwa linauza aina nyingine kabisa utakapoyahitaji.